Uzito wa Kigari Namba Tatu

...halafu ni ya baridi, hilo sikulitegemea, nimeweka kiganja juu yake nikidhani nitakuta joto kidogo, mtetemo kidogo, dalili yoyote ya kwamba ndani kuna kitu, lakini wapi, imetulia tuli kama debe la biskuti lililofungwa, nyeusi, mishikio miwili ya kamba, vichwa viwili vya shaba vimevishwa kofia, kimoja nyekundu kimoja nyeusi, na humo ndani, anasema muuzaji, mna umeme wa kuupanda mwinuko wetu mara ishirini bila kuchaji, mara ishirini, mimi niko hapa karakanani nimeushika mwinuko mzima kwa kiganja kimoja, na Mganga Mkuu ananiuliza, "Haya, Fundi, tunakusikiliza wewe, tuchukue ipi?" nami natazama meza, betri mbili za lithiamu, kubwa kushoto, ndogo kulia, wao wanne wananitazama, Mganga Mkuu amekunja mikono, Matroni ameketi kwenye kiti changu cha kuchomelea, muuzaji ana kalamu na karatasi ya agizo, dereva ameegemea mlango, wote wanangoja mwanamke mmoja mwenye ovaroli la matundu aseme moja ya mambo mawili, kubwa au ndogo, neno moja tu, na jibu ninalo, ninalo tangu wiki mbili zilizopita, kwa nini basi silitoi... debe la biskuti, na mjomba angesema nini angeliona, alilisikia tu leo asubuhi nilipopita kumwamkia kabla ya kazi, "Shikamoo mjomba," "Marahaba, hizo betri zenu zimekuja?" "Zimekuja," "Haitaki maji?" "Haitaki," "Hata tone?" "Hata tone, mjomba, haina hata kifuniko cha kufungua, imezibwa moja kwa moja," akacheka amelala chali vile vile, "Sasa wewe utakuwa unakwenda kazini kufanya nini, kuipigia makofi?" na mimi nikacheka naye, kisha akauliza uzito, nikamwambia ile ndogo ni kilo arobaini na tano, akasema, "Moja?" nikasema, "Yote, mjomba, kigari kizima kinatumia moja tu," na yeye, ambaye mgongo wake umeishia humu karakanani, betri sita kwa kila kigari, kilo ishirini na tisa kila betri, kuinama, kuinua, kugeuka, kushusha, vigari vitano, mwaka baada ya mwaka, akapeleka mkono kiunoni taratibu kama mtu anayetafuta ufunguo mfukoni, akasema, "Basi mimi nimezaliwa mapema," bila uchungu, hilo ndilo lililonichoma, alisema kwa mshangao tu, kama mtoto aliyeonyeshwa ndege... naye ndiye aliyenileta hapa, ndugu wa mama yangu, nilikuwa sijui hasi wala chanya, akanipa chupa ya maji yaliyosafishwa na ile mirija ya kioo ya kupimia, akaniambia, "Hivi vigari vilitengenezwa kubeba watu wanaofukuza kijimpira kwenye majani, kwetu vitabeba watu wanaofukuzwa na kifo, kwa hiyo usivichezee," kwani hospitali yetu ndivyo ilivyojengwa, sijui aliyeichora alikuwa anawaza nini, wodi ziko chini, chumba cha upasuaji kiko juu, katikati barabara moja ya lami yenye kona, miguu ya mzima inakwisha kabla ya kufika, sembuse mgonjwa, ndipo wakanunua vigari vya gofu, tukang'oa viti vya nyuma tukaweka kitanda cha machela, vigari vya gofu ambavyo tangu vizaliwe havijawahi kuona mpira wala fimbo yake, na mimi humu ndani wauguzi wananiita Mama Chaji, jina limenikaa hata mkwe wangu analitumia... "Mama, kwa kweli hapa hakuna cha kuwaza," anasema muuzaji, kijana mpole, shati limepigwa pasi hadi mikono inasimama, "chukueni hii kubwa, ina ampea-saa mia na hamsini, hii nyingine ina mia na tano tu, kubwa mnachaji mara moja mnasahau," na anaigonga kwa kalamu, tok tok, nami najua kwa nini anaipenda, ukubwa unaonekana, ukubwa hauhitaji maelezo, hata Mganga Mkuu ameitazama hiyo kubwa kwa macho ya mtu aliyekwisha amua, lakini nimesoma ubavuni, maandishi madogo ambayo watu hawayainamii, hii kubwa inatoa ampea mia moja, basi, hii ndogo inatoa mia mbili, yaani kubwa ina tangi pana na bomba jembamba, na mwinuko wetu hauulizi tangi, unauliza bomba, wiki mbili zilizopita tulipakia magunia ya mchanga kwenye kigari, uzito wa mgonjwa na muuguzi na dereva, nikabana kipimo kwenye waya mkuu, tukapanda, mia na ishirini, mia na thelathini, tukasimama makusudi kwenye kona, tukaondoka tena, mia na themanini, namba nimeiandika ukutani kwa chaki, iko pale nyuma ya mgongo wa Matroni, mia na themanini, na nikamuuliza muuzaji jana kwa simu, ile kubwa ikiombwa mia na themanini itafanya nini, akasema, "Ah, inakata tu kwa usalama wake, ina kibao cha umeme cha ulinzi ndani, inajilinda, baada ya dakika moja inarudi yenyewe," dakika moja, alisema hivyo kwa sauti ya kunituliza, dakika moja kwenye kona, hajawahi kusimama kwenye kona ile na mama anayevuja damu, mimi nimesimama... nimesimama, ndiyo, hapo ndipo ninapokwama, kwa sababu jibu ni rahisi, ndogo, mia mbili, lakini anayelitoa ni nani, wanamwuliza nani, wanafikiri wanamwuliza fundi aliyekisukuma kigari namba tatu hadi juu, Matroni mwenyewe amekwisha mweleza muuzaji alipofika, nimemsikia, "Huyu unayemwona ndiye aliyekisukuma kwa mikono yake," na muuzaji akaniangalia kwa heshima, nami nikajifanya nafuta meza... ilikuwa asubuhi kama hii, jua halijakaa sawa, simu ikalia humu ndani, namba tatu imezima kwenye kona, nikatoka mbio kipimo kinaning'inia shingoni kinanipiga kifuani, nikakuta kigari kimesimama, dereva amekanyaga breki kwa miguu yote miwili kisirudi nyuma, machela imefungwa kwa mikanda, juu yake mwanamke aliyejifungua nusu saa kabla na damu imekataa kukatika, Matroni amepanda amepiga magoti juu kabisa pembeni yake, ngumi imekandamiza tumbo la yule mama na mkono mwingine umeinua chupa ya dripu, anasema kwa sauti ya chini kabisa, sauti ya mtu anayeomba chumvi mezani, "Fundi, kiondoe hapa," nami nikafungua kiti nikapima, na mshale ukashuka kama jiwe kisimani, hakuna kitu, betri sita zimekufa pamoja, nikasema, "Hakiondoki," na Matroni akasema, "Basi kisukume," na sijui nani aliita, hakuna aliyeita, watu walitoka, walitoka tu kwenye milango, mpishi na aproni yake, wanawake wawili wa kufulia mikono ikichuruzika sabuni, mgeni aliyekuja kumwona baba yake akatupa mfuko chini, mwanamume mwenye plasta ya mkono mzima akaweka bega, bega tu, akasema, "Mkono sina, nguvu ninazo," tukasukuma, Mungu wangu, tulikisukuma, lami inateleza, viatu vya mpishi vilimtoka akaendelea peku, hakuna aliyekuwa anamjua yule mama, hakuna hata mmoja, na mwenye plasta alikuwa analia kwa maumivu na haachi, tukapita kona, tukafika juu milango ya upasuaji imekwisha funguliwa, wakampokea, na sisi tukabaki tumekaa chini barabarani kama watu waliotupwa na lori, mpishi anatafuta viatu vyake, na mwanamke akapona, akapona, daktari mwenyewe alitoka akatuambia tungali tumekaa pale pale, nikaona mwanamume mwenye plasta anamkumbatia mwanamke wa kufulia na sabuni yake, hiyo nimeiona kwa macho yangu, miezi tisa sasa na bado nikiifikiria nywele zinasimama... na kilo, leo ndio nimepiga hesabu ya kilo, nilipoinua betri hii ndogo na muuzaji, yeye huku mimi huku, ikaja juu bila ubishi, nikamwambia, "Ngoja, shusha," nikaihesabu kichwani, sita mara ishirini na tisa ni mia na sabini na nne, ondoa arobaini na tano, inabaki mia na ishirini na tisa, hao ni watu wawili, watu wazima wawili, miaka kumi na tisa tangu vinunuliwe, kila kigari kinapopanda kimepanda na abiria wawili wasioonekana, wamekaa chini ya kiti, hawashuki juu wala hawashuki chini, wanakula umeme wa kujibebea wenyewe, na siku ile, siku ile tulipokuwa tunasukuma, wale wawili walikuwemo, tuliwasukuma nao, wamekufa na hatukuwatoa, mimi fundi sikufikiria kuwatoa, mwenye plasta aliweka bega lake kwa ajili ya mgonjwa na kwa ajili ya betri za madini ya risasi zilizokufa, na tukashinda hata hivyo, nikifikiria hilo sijui nicheke au nipige magoti... binti yangu anafundisha kemia, aliniambia juzi simuni, "Mama, lithiamu ndiyo metali nyepesi kuliko zote duniani, ukiitupa majini inaelea," inaelea, metali, "na inachemka humo humo majini kwa ukali, haitaki maji kabisa," nikamwuliza mara mbili, metali inayoelea, metali inayochukia maji, mimi ambaye umri wangu wote umepita nikinywesha betri maji, kila Jumatatu, tundu kwa tundu, matundu ishirini na manne kwa kigari, mikono ina madoa ya asidi kama ramani, na wakati wote huo ilikuwa imekaa ardhini mahali, nyepesi, inangoja, haina habari na Jumatatu zangu, "Na hizi hazilipuki kama zile za simu?" anauliza Mganga Mkuu, anamwuliza muuzaji, afadhali, nimepata nafasi ya kupumua, muuzaji anaeleza vizuri, hilo analijua, kwamba lithiamu ziko za aina nyingi, hizi zimechanganywa na chuma na fosfeti, hazina hasira kama za simu, ila zisipigwe msumari, na zisichajiwe kwa chaja za zamani, na ndani mna seli kumi na sita na kile kibao kinazipima moja moja, joto lake, nguvu yake, usiku na mchana, "Ukitaka kujua ipi inachoka, unafungua simu yako, inakuambia," anasema, "haifichi kitu, Mama, hata ikizidiwa sekunde mbili tu inaandika, siku na saa," na ananionyesha kioo cha simu, namba kumi na sita zimepangana, volti ya kila seli, tatu nukta tatu mbili, tatu nukta tatu mbili, tatu nukta tatu moja, kama mapigo ya moyo ya watoto kumi na sita waliolala chumba kimoja, hazijaulizwa lakini zinajibu, hii moja imechoka kuliko wenzake kwa punje ya volti na inasema, hadharani, mbele ya Mganga Mkuu, na mimi miezi tisa... kwa sababu sikupima, hapo ndipo palipo, nilipima lakini sikupima, asubuhi ile nilibana waya kigari kikiwa kimelala, volti arobaini na tisa, mshale mzuri, nikaandika nzuri, na mjomba alinifundisha siku ya kwanza kabisa, "Pima ikiwa imebeba mzigo, betri isiyobeba kitu inadanganya," nilijua, si kwamba sikujua, nilikuwa na haraka, chai ilikuwa inapoa, ndiyo, chai, jambo dogo kama hilo, na hata si hilo, kuna kubwa kuliko hilo, kwamba dereva alikuja, huyu aliyeegemea mlango, tunamwita Taratibu kwa sababu hajawahi kumtikisa mgonjwa hata mmoja, alikuja pale pale mlangoni asubuhi ile akasema, "Dada, namba tatu inaguna kwenye kona, tangu jana, kama haitaki," nami bila kugeuka nikamjibu, "Mwambie apunguze maringo," na yeye akacheka, kwa adabu, akaenda akakiwasha, saa mbili baadaye akawa amekanyaga breki kwa miguu miwili, na kwenye kikao walipouliza kama kulikuwa na dalili yoyote nikasema betri zilikuwa kuukuu, jambo ambalo ni kweli, na Mganga Mkuu akaandika, na dereva alikuwa amekaa viti viwili kutoka kwangu, nikamngoja, na hakusema, hakusema siku ile wala kesho yake wala hadi leo, kila asubuhi anapita, "Umeamkaje, dada?" "Salama, wewe?" "Tunashukuru," hana neno, hana jicho la pembeni, na sijawahi kujua ni huruma au ni woga au anangoja... na yule mama naye, wiki ya sita alipokuja kliniki akaniulizia hadi akafika humu, amembeba mtoto, msichana, ana kucha ndogo kama magamba ya dagaa, akamgeuza uso akanielekezea mimi, akamwambia, "Mtazame vizuri, huyu ndiye shangazi yako aliyetusukuma," akanipa nimshike, na mikono yangu ilikuwa na grisi, nikasema, "Nina grisi," akasema, "Itaoshwa," nikampokea, mzito kuliko nilivyodhani na mwepesi kuliko nilivyodhani, akanikamata kidole, shangazi, mimi, mtu ambaye nusura amwache bila mama kwa sababu ya mzaha, sikulala vizuri wiki nzima, na bado nilifurahi kuitwa hivyo, hilo nalo lisemwe, nilifurahi mno, nilitaka niwe kweli ndiye... "Fundi?" anasema Mganga Mkuu, si kwa ukali, anatazama saa yake, ana wagonjwa, na muuzaji amekwisha kuishusha kalamu kwenye mstari wa betri kubwa, hajaandika, anasubiri tu kichwa changu kitikisike, na natambua kitu, kwa mshtuko, natambua kwamba wakiniamini kwa sababu nilisukuma wataichukua ndogo, sawa, leo watapatia, kisha mwakani nitasema neno jingine na wataniamini tena, na siku nitakapokuwa na haraka hapatakuwa na mtu wa kuniuliza, dereva atakuja tena mlangoni na neno lake atacheka kwa adabu na kwenda, namba tano ikiguna, namba mbili ikiguna, kwa sababu Mama Chaji ndiye ajuaye, na betri hizi nazo zina kona zao, nikimwacha kila mtu anitazame mimi tu nitakuwa nimewafungia kitu kipya kwenye kosa lile lile... na cha ajabu sina woga, nilidhani hapa nitakuwa na woga, nimengoja miezi tisa woga huu ufike na sasa nauona uko mbali kama mtu anayeondoka, kilichobaki ni ule mshangao, sijui niuite nini, kwamba mwanamke yule yuko hai, kwamba yuko mahali anafua nguo au anamkemea mtu, kwamba watu walitoka milangoni bila kuitwa, kwamba mtu mwenye haki ya kunimaliza kwa sentensi moja ameniamkia asubuhi mia mbili na zaidi, kwamba ndani ya ardhi mna metali inayoelea na watu walijua kuitafuta, yote haya yalikuwepo na mimi nilikuwa nimeinamia chai, na mjomba amelala chali anasema amezaliwa mapema na hachukii, wanaona makubwa haya watu wengine, wanayaona na wanayabeba, kumbe na mimi naweza kubeba langu, si zito kama nilivyolifanya, nimelilea tu miezi tisa... nitasema ndogo, nitawaonyesha ile mia na themanini ukutani, nitasema chaja zote tano zibadilishwe na zile kuukuu zitolewe kabisa humu mtu asije akachomeka kwa kusahau, nitasema kabla ya kusaini chochote tuifunge kwenye kigari tupakie magunia ya mchanga tusimame kwenye kona makusudi, Mganga Mkuu mwenyewe akae mbele, na dereva, si mimi, ndiye atuambie kama inaguna, na neno lake liandikwe, kila siku, kwenye daftari, na lisipite bila kujibiwa, lakini hayo ni ya pili, lipo la kwanza, na hilo la kwanza halina volti wala ampea, linaanza na asubuhi ile na mtu aliyesimama mlangoni na jibu nililompa bila kugeuka, maneno yale yale niliyoyasema, nisiyalainishe, Matroni akiyasikia atanitazama kwa jicho jingine, sawa, anitazame, alipiga magoti juu ya kigari changu, ana haki ya jicho lolote... muuzaji anakohoa, nje mtu anasukuma toroli, gurudumu linalia linahitaji mafuta, Mganga Mkuu anasema tena, "Kubwa au ndogo, Fundi?" na nimeondoa mkono mezani nikaupangusa kwenye ovaroli, nimegeuka, safari hii nimegeuka kabisa, mwili mzima, nikamtazama dereva usoni, na hata sijatamka neno, ameacha kuegemea mlango.